Pesa ya simu imefika Juba, lakini pauni bado yasumbua

JUBA – Mwenye duka la rejareja mtaa wa Lemon Gaba hapa Juba akitaka kuongeza unga, sukari na sabuni, macho yake huwa kwenye malori yanayotoka Uganda kupitia Elegu na Nimule. Barabara ya lami ya Nimule hadi Juba, kilomita 192, ilikamilika mwaka 2012. Mzigo ukapata njia, lakini malipo yake yakabaki ya kubebwa mfukoni.

Kenya ilianzisha M-Pesa Machi 2007, na MTN Uganda ikafuata mwaka 2009. Sudan Kusini ilisubiri hadi 2019 ndipo m-Gurush ikazinduliwa. Gurush, kwa Kiarabu cha Juba, ni pesa tu.

Matumaini hayakuwa ya bure. Mwaka 2016 wachumi Tavneet Suri na William Jack walikadiria kuwa M-Pesa ilizitoa kaya 194,000 za Kenya katika umaskini, yaani takriban asilimia 2 ya kaya zote. Simu haikuwapa watu hao pesa mpya. Ndugu waliweza kutumiana fedha haraka wakati wa shida, na wanawake wapatao 185,000 wakaacha kutegemea kilimo na kuingia kwenye biashara.

Je, Juba itapata matunda hayo hayo? Hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu. Wakala anahitaji noti mkononi na salio kwenye simu. Kimoja kikiisha, kibanda kinasimama. Lakini tatizo kubwa zaidi ni pauni yenyewe. Hadi Desemba 2015 dola moja ilikuwa pauni 2.95 kwa bei ya serikali. Serikali ilipoiachia sarafu ijitafutie bei sokoni, dola ikaruka hadi kiasi cha pauni 18.5, na tangu hapo pauni imeendelea kuporomoka. Aliyelala na salio la pauni kwenye simu huamka na unga pungufu, sawa na aliyelaza noti chini ya godoro. Simu huikimbiza pesa, haiilindi.

Wanaoitangaza pesa ya simu kama dawa ya umaskini hulisahau jambo hili. Kenya ilipoanza, shilingi yake ilikuwa na utulivu ambao Juba haijauona kwa miaka mingi.

Zaidi ya hayo, msambazaji wa Kampala anataka shilingi au dola, na salio la pauni halimfai. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, lakini sarafu moja iliyolengwa kuanza 2024 imesogezwa hadi 2031. Hadi wakati huo, mwenye duka wa Lemon Gaba anaweza kupokea malipo madogo ya wateja kwa simu, lakini jioni inambidi aigeuze pauni kuwa dola au bidhaa, na gharama ya ubadilishaji huo huishia kwenye bei ya kilo ya unga.