Chunusi: Simu Inayokumbusha na Simu Inayouliza

Chunusi ni miongoni mwa maradhi ya ngozi yanayowapata vijana wengi zaidi, na tiba zake zinafahamika vyema. Hata hivyo, tiba nyingi huishia njiani. Mara nyingi kosa si la dawa, bali ni kwamba dawa imewekwa kando kabla haijafanya kazi.

Dawa za kupaka za jamii ya retinoidi, kama vile tretinoini na adapaleni, huzibua vinyweleo polepole, na matokeo yake huonekana vizuri baada ya wiki 8 hadi 12. Katika wiki za mwanzo, ngozi hukauka, huwasha na kubambuka. Kijana anayejitazama kwenye kioo katika wiki ya tatu huyaona maudhi ya dawa, ilhali faida yake bado haijajitokeza. Hapo ndipo wengi huacha. Baadhi hugeukia mkorogo au krimu zenye steroidi zinazouzwa bila cheti cha daktari. Krimu hizo hutuliza uvimbe kwa muda, kisha huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuzusha chunusi nyingine. Katika ngozi nyeusi, chunusi iliyovimba huweza kuacha doa linalodumu kwa miezi mingi.

Simu ya mkononi ilidhaniwa kuwa jibu rahisi la tatizo hili: mgonjwa akisahau, akumbushwe. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulijaribu wazo hilo kwa wagonjwa 40 katika muda wa wiki 12. Kundi moja lilitumiwa ujumbe mfupi wa kukumbusha mara mbili kwa siku. Mwishoni, makundi yote mawili yalikuwa yamepaka dawa takribani theluthi moja tu ya mara zilizotakiwa. Ujumbe wa mashine hugeuka kelele upesi, na sikio huzoea kelele.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, utafiti mwingine wa Marekani ulikuwa umefuata njia tofauti. Kila wiki, wagonjwa waliulizwa kupitia intaneti jinsi tiba inavyoendelea. Kiwango cha kati cha ufuasi wa dawa katika kundi hilo kilifikia asilimia 74, dhidi ya asilimia 32 kwa wasioulizwa. Washiriki walikuwa 20 tu, hivyo matokeo hayo yapokewe kwa tahadhari. Lakini mwelekeo wake unafanana na ule ulioonekana Kenya katika maradhi mengine.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, watu 538 walioanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI nchini Kenya walishirikishwa. Kundi moja lilipokea kila wiki neno moja: “Mambo?” Mgonjwa alijibu “Sawa” au “Shida” ndani ya saa 48, na mhudumu wa afya aliwapigia waliokuwa na shida au waliokaa kimya. Kwa maelezo ya wagonjwa wenyewe, waliofuata dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 katika kundi hilo, na asilimia 50 katika kundi la pili.

Kliniki ya ngozi inaweza kujifunza hapo bila programu ya gharama kubwa. Anayejibu “Shida” katika wiki ya tatu huhitaji mashauri mafupi: apake kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, aruke usiku mmoja kila baada ya kupaka mpaka ngozi izoee, atumie mafuta laini yasiyoziba vinyweleo, na ajikinge na jua. Msichana anayetarajia kushika mimba au aliyekwisha kushika aeleze mapema, kwa kuwa retinoidi hazifai wakati huo. Picha ya uso inayopigwa kila mwezi katika mwanga uleule humwonyesha mgonjwa nafuu ambayo kioo cha kila siku huificha.

Tahadhari ni muhimu. Simu nyingi hutumiwa na zaidi ya mtu mmoja nyumbani. Ujumbe usitaje ugonjwa wala dawa. Picha za uso zihifadhiwe kwa siri na kwa ridhaa ya mgonjwa, na kwa mtoto, ya mzazi pia.

Zaidi ya yote, kliniki isiulize ikiwa haina mtu wa kupokea jibu. Kijana aliyeandika “Shida” asipigiwe na yeyote, huenda wiki inayofuata akawa amekwisha kununua mkorogo.