Makao Yasiyoua Wanyama na Majirani Wanaoyabeba

Makao ya wanyama yasiyoua ni mahali ambapo mbwa na paka wasio na mwenyewe hupokewa, hutibiwa na kutunzwa mpaka apatikane mtu wa kuwachukua, wala hawauawi kwa sababu tu vizimba vimejaa. Neno "yasiyoua" lisichukuliwe kuwa hakuna mnyama anayekufa humo kwa sindano ya daktari. Mbwa aliyegongwa na gari akavunjika uti wa mgongo, au paka ambaye saratani imemwenea mwilini, hupumzishwa kama ambavyo mwenye kumpenda angemfanyia nyumbani. Kwa ajili hiyo kipimo kilichozoeleka Marekani, ambako harakati hizi zilikulia, ni asilimia 90: kati ya wanyama kumi walioingia, tisa watoke wazima. Anayebaki huhesabiwa kuwa fungu la wagonjwa wasiopona na mbwa wakali wa kuhatarisha watu. Kipimo hicho ni cha kukadiria, lakini kimesaidia watu kuulizana hesabu.

Mji wa mwanzo kujulikana kwa jambo hili ni San Francisco. Mwaka 1994 chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama cha huko, kikiongozwa na Richard Avanzino, kilitia saini mapatano na idara ya wanyama ya mji, kikiahidi kumpokea kila mbwa au paka anayefaa kuchukuliwa na familia ambaye idara imeshindwa kumpatia nyumba. Ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, mfano unaoonyesha vizuri zaidi kazi ya watu wa kawaida ni Austin, mji mkuu wa jimbo la Texas.

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 2000, makao ya mji wa Austin yalikuwa yakipokea wanyama zaidi ya 20,000 kwa mwaka, na maelfu kati yao waliuawa. Daktari wa wanyama Ellen Jefferson alikuwa ameanzisha Emancipet mwaka 1999, kliniki ya kuhasi na kufunga kizazi kwa bei nafuu, akiamini kwamba watoto wa mbwa na paka wakipungua, vifo navyo vitapungua. Matokeo hayakuja kwa kasi aliyoitarajia. Mwaka 2008 akaligeuza kundi la wanaharakati liitwalo Austin Pets Alive! kuwa chombo cha kuokoa wanyama, na kazi yake ya kwanza ikawa kushughulikia orodha ya wanyama waliopangiwa kuuawa kesho yake. Watu wa kujitolea waliipitia orodha hiyo na kumtoa kila waliyemweza.

Orodha ile iliwafunza jambo ambalo takwimu za jumla zilikuwa zimelificha: wanyama waliouawa walikuwa wa makundi machache yanayofahamika. Kundi mojawapo lilikuwa vitoto vya paka visivyo na mama. Kitoto cha siku chache hunyonyeshwa kwa chupa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, na hakuna ofisi ya umma inayokesha kwa kazi hiyo. Watu wakagawana zamu, wengine wakavilaza vitoto kwenye maboksi jikoni mwao. Kundi jingine lilikuwa watoto wa mbwa wenye parvo, kirusi kinachoshambulia utumbo na kuleta kuhara damu na kutapika. Parvo husambaa upesi, kwa hiyo makao mengi yaliua mara moja ili kulinda wengine. Austin Pets Alive! walifungua wodi yao ya pekee, ambako wasio madaktari walifundishwa kutoa maji na dawa chini ya usimamizi wa daktari, na wengi wa wagonjwa wakapona. Paka wenye choa nao, ugonjwa wa ngozi tu usioua, wakapata chumba chao.

Siri ya mpango wote ni nafasi. Kizimba kimoja hubeba mnyama mmoja, bali mji wenye wakazi karibu 790,000, kama Austin ilivyokuwa mwaka 2010, una nyumba nyingi kuliko vizimba vya serikali yoyote. Mlezi wa muda anayemweka mbwa sebuleni kwa wiki tatu ameongeza kizimba bila kujenga ukuta, na huyo mbwa akizoea watoto na kelele za nyumbani huchukuliwa haraka zaidi.

Baraza la mji lilipitisha mpango wa kutoua kwa kauli moja mwaka 2010, na mwaka uliofuata Austin ikavuka asilimia 90. Mwishoni mwa 2011 makao mapya yalifunguliwa upande wa mashariki. Jengo la zamani, lile lile walimouawa wanyama hapo awali, likawa makao ya Austin Pets Alive!

Wapinzani wapo. PETA, chama cha kutetea wanyama, hudai kwamba asilimia nzuri hupatikana kwa kufunga mlango, na anayekataliwa mlangoni huishia barabarani. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Mwaka 2022 makao ya mji wa Austin yalilazimika kusimamisha mapokezi isipokuwa ya dharura, hasa kwa sababu ya mbwa wakubwa, ambao wapangaji wengi hawaruhusiwi kuwafuga. Mahali walezi wanapopungua, mbwa hukaa kizimbani kwa miezi, huchanganyikiwa, na hatimaye huonekana mkali kuliko alivyokuwa alipoingia.

Ndiyo maana msaada wa jamii siku hizi huanza kabla mnyama hajafika makaoni. Mwenye mbwa aliyekwama husaidiwa chakula, chanjo, gharama za matibabu au kutengenezewa ua, ili asimsalimishe. Paka wa mtaani hukamatwa kwa mtego, hufungwa kizazi, huchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, hukatwa ncha ya sikio iwe alama, kisha hurudishwa pale pale alipotoka, ambako jirani amekwisha kumwekea sahani.