Pembe na Hanamu za Msambamba
Msambamba huelezwa kwa usambamba wa pande zake. Kutokana na huo, pembe zinazokabiliana hulingana, zilizo jirani hujumlika kuwa nyuzi 180, na hanamu, yaani mistari iungayo pembe zinazokabiliana, hukatana nusu kwa nusu. Wanafunzi wengi husoma hapo kwamba hanamu zinalingana. Sivyo. Msingi wa nyumba wa mita 4 kwa 3 wenye pembe ya nyuzi 80 una pande zinazokabiliana zilizolingana barabara, ila hanamu zake ni takriban mita 5.40 na 4.56, kwa kuwa ile ndefu hutazamana na pembe ya nyuzi 100. Mwashi anayepima pande pekee hataigundua kasoro hiyo. Akivuta kamba kwenye hanamu zote mbili na kupata mita 5, pembe zote ni mraba.