Maziwa ya Mama Ni Chakula, Ni Maji



Jua la mwezi wa tisa likiwaka hapa Kamina, nkambo husema: "Mutoto ana kiu, mumupe maji kidogo." Anasema kwa upendo. Lakini katika maziwa ya mama, sehemu 88 hivi kati ya 100 ni maji. Mtoto mwenye kiu anyonyeshwe tena.

Maji ya kikombe hujaza tumbo dogo bila kumjenga mtoto, na yasipokuwa safi huleta kuhara. Hapo kukua kunarudi nyuma. Uchunguzi wa 2017-2018 ulionyesha kwamba katika Kongo yetu, watoto 42 kati ya 100 wenye chini ya miaka 5 wana kimo kisichofikia umri wao.

Kuna jambo lingine. Jeni, urithi wa baba na mama, ni kama kitabu: maandishi yake hayabadiliki, lakini mwili huchagua kurasa za kusoma. Mwaka 2010 wataalamu wa Japani walionyesha kwamba maziwa ya mama yana maikro-RNA, vijumbe vidogo sana. Kazi yake mwilini ni kupunguza usomaji wa kurasa fulani. Namna vinavyomsaidia mtoto anayenyonya ingali inachunguzwa.

Basi tumpe titi ndani ya saa ya kwanza, pamoja na maziwa ya manjano. Miezi 6 bila maji wala uji, isipokuwa dawa ya muganga. Kisha uji na titi, mpaka miaka 2 na zaidi.

Na nkambo tumweleze kwa heshima, kwani tunalea pamoja.