Ngazi za Uuguzi: Nani Anakuhudumia Kituoni?

Mwananchi anayefika katika zahanati au kituo cha afya huwaita wote waliovaa sare nyeupe "nesi" au "sista", na kwa adabu za kawaida hakuna ubaya. Hata hivyo, nyuma ya jina hilo moja kuna elimu, mamlaka na uzoefu vinavyotofautiana sana, na tofauti hiyo ndiyo huamua nani atamsaidia mama aliyekwama kujifungua saa nane za usiku.

Katika utumishi wa umma, mwenye cheti huajiriwa kama Muuguzi, mwenye stashahada kama Afisa Muuguzi Msaidizi, na mwenye shahada kama Afisa Muuguzi. Wote husajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, kwa mujibu wa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Vijana wa Kasulu wanaweza kuianza safari hiyo karibu na nyumbani, katika chuo cha uuguzi cha Kabanga.

Juu ya ngazi hizo upo uuguzi wa kibobezi. Mwongozo wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi wa mwaka 2020 unashauri kwamba mbobezi awe na shahada ya uzamili. Huyu humchunguza mgonjwa, hufanya uamuzi mgumu wa tiba katika mipaka ya leseni yake, na huwaongoza wenzake. Hapa nchini, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hufundisha uzamili wa uuguzi wa mahututi na majeruhi.

Cheti, lakini, hakielezi kila kitu. Mwaka 1984 mtaalamu wa Marekani, Patricia Benner, alionyesha kwamba muuguzi hupita hatua tano, kutoka mwanagenzi hadi mbobezi. Wazo hilo alilichukua kwa ndugu wawili, Hubert na Stuart Dreyfus, ambao walikuwa wamechunguza jinsi watu, marubani wakiwamo, wanavyojifunza ujuzi. Mwanagenzi hufuata kanuni: hupima shinikizo la damu, huandika na kusubiri agizo. Mbobezi humtazama mzazi aliyetoka leba, huhisi mapigo yanayokimbia na tumbo la uzazi lililolegea, naye huanza kuzuia kuvuja damu kabla wengine hawajashtuka. Macho hayo hayapatikani darasani pekee. Ni matunda ya miaka kitandani kwa mgonjwa, chini ya mtu anayejua kufundisha.

Mkoa wetu una mfano wake. Kuanzia mwaka 2006, mradi wa uzazi salama uliofadhiliwa na Bloomberg Philanthropies mkoani Kigoma uliwafundisha madaktari wasaidizi upasuaji wa dharura wa uzazi, na wauguzi utoaji wa dawa ya usingizi, ili upasuaji ufanyike katika vituo vya afya. Kwa mkazi wa Mtabila, palipokuwa na kambi ya wakimbizi wa Burundi hadi mwaka 2012, maana yake ni rahisi: ujuzi ulioko karibu hupunguza safari ya rufaa, na masika hayamsubiri mgonjwa.

Linabaki jambo moja gumu. Muuguzi hodari akipandishwa cheo, mara nyingi hupelekwa ofisini, na wodi humpoteza mtu iliyemhitaji zaidi. Ann Hamric, aliyeandika mfano unaotumika sana wa uuguzi wa kibobezi, aliweka huduma ya moja kwa moja kwa mgonjwa katikati ya kazi hiyo. Uongozi, ushauri na utafiti huizunguka. Kwa maoni yetu, kiongozi wa uuguzi anayeendelea kushika zamu wodini hufundisha zaidi kuliko mikutano mingi.

Mwananchi ana haki ya kuuliza jina na cheo cha anayemhudumia. Malalamiko yaanzie kwa Muuguzi Mfawidhi wa kituo, kisha kwa Mganga Mfawidhi. Yanayohusu maadili ya taaluma yanaweza kufikishwa kwenye Baraza.