Kanda au Kadi: Jinsi ya Kuhifadhi Video za Familia na Jamii

Mwaka wa 2014, shirika la UNESCO liliiweka ngoma ya Isukuti ya jamii za Isukha na Idakho kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni unaohitaji kulindwa kwa dharura. Sababu mojawapo ni kwamba wengi wanaoijua vyema ni wazee, na warithi wao ni wachache. Tangu hapo, kila video ya wapigaji ngoma, ya harusi au ya mzee akisimulia historia ya ukoo imekuwa na thamani zaidi. Lakini video hiyo itawafaa wajukuu ikiwa tu itaweza kuchezwa miaka ishirini ijayo.

Wakazi wengi wenye kamera hujiuliza: kipi bora, kanda au kadi ya kumbukumbu? Kwa kurekodi leo, jibu ni kadi. Kwa kuhifadhi, kadi peke yake haitoshi.

Uzuri na ubaya wa kanda

Kanda ndogo za dijitali, zinazojulikana kama MiniDV, ziliingia sokoni mwaka wa 1995. Kanda moja hurekodi kwa kawaida dakika 60, sawa na takriban GB 13. Ikishajaa, hutolewa na kuwekwa kabatini, nyingine ikatiwa. Kwa njia hiyo kila tukio hubaki na kanda yake.

Tatizo ni mashine. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo mwaka wa 2016. Mwaka wa 2019, UNESCO na wataalamu wa hifadhi za sauti na picha walitoa tahadhari kwamba kufikia takriban mwaka wa 2025 ingekuwa vigumu kupata mashine na vipuri vya kuchezea kanda. Muda huo umefika. Tena, unyevu wa hewa katika maeneo yenye mvua nyingi kama Kakamega huotesha ukungu juu ya utepe.

Uzuri na ubaya wa kadi

Kadi haina utepe wa kukwama wala kukatika. Kuhamisha kanda ya saa moja huchukua saa nzima, kwa sababu lazima ichezwe mwanzo hadi mwisho. Faili za kadi hunakiliwa kwa dakika chache.

Kamera inayorekodi kwa kasi ya megabiti 24 kwa sekunde hutumia takriban GB 11 kwa saa, hivyo kadi ya GB 32 hubeba karibu saa tatu. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde hutumia GB 45 kwa saa. Kwa video kama hiyo, kadi yenye alama ya U3 au V30 inafaa, kwa kuwa imekusudiwa kuandika angalau megabaiti 30 kila sekunde.

Hatari ya kadi ni wepesi wake wa kufutwa. Mpiga video akimaliza harusi ya Jumamosi, huenda akaifuta kadi ili kurekodi matanga ya wiki inayofuata. Asipokuwa amenakili, harusi imepotea. Kadi ni kikapu cha kubebea mavuno, si ghala la kuyaweka.

Kuna pia kadi bandia, zilizoandikwa GB nyingi kuliko zilizonazo. Mnunuzi aijaribu kadi mpya kwa kuijaza video yote, kisha afungue faili za mwisho na kuhakikisha zinacheza, kabla ya kuitumia kwenye shughuli isiyorudiwa.

Hatua za kuchukua

1. Kanda zipangwe kwa umuhimu. Zenye sauti za wazee waliofariki, mila na historia ya ukoo zihamishwe kwanza.

2. Kabla ya kuchezwa, kifunga cha kuzuia kurekodi juu yake kisogezwe au kivunjwe, kulingana na aina ya kanda.

3. Kanda yenye ukungu isitiwe kwenye deki. Ukungu huenea kwa kanda nyingine na kuchafua vichwa vya mashine. Apewe fundi mwenye uzoefu aisafishe.

4. Kila video iwe na nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja ikae nyumba nyingine. Nyumba ikiungua au kuibwa, nakala ya kwa jamaa itabaki.

5. Faili zipewe jina la tukio, mahali na tarehe, na majina ya wanaoonekana yaandikwe wakati wapo wanaowatambua.

6. Video ikifutwa kwa bahati mbaya, kadi isirekodiwe tena. Mara nyingi picha bado zimo hadi nyingine ziandikwe juu yake, na fundi anaweza kuzirejesha.

7. Nakala zikaguliwe kila mwaka, na zihamishwe kwenye kifaa kipya cha zamani kinapochakaa.

Kanda zilizohamishwa zisitupwe mara moja. Zirudishwe mwanzo, zisimamishwe wima ndani ya visanduku vyake, mahali pakavu pasipo joto la mabati wala spika kubwa. Kazi ianze na kanda ambazo wenye sauti hawapo tena: hao hawawezi kurekodiwa upya.