Majarida ya utafiti kwenye chuo kikuu: ufunguo uko kwa nani?

Kati ya Novemba 2018 na Agosti 2019, wagonjwa 681 wa Ebola kule Beni, Butembo, Katwa na Mangina waliingia katika utafiti wa kulinganisha dawa nne. Utafiti ulionyesha kwamba dawa mbili kati ya hizo zinaokoa watu zaidi. Matokeo yalitoka mwaka 2019 katika New England Journal of Medicine, jarida la waganga la Marekani. Profesa Jean-Jacques Muyembe ni mmoja wa wale walioandika.

Wagonjwa walikuwa ndugu zetu. Lakini mwanafunzi wa udaktari wa hapa kwetu akitafuta tafiti za namna hii, mara nyingi anakuta muhtasari tu. Makala yenyewe inafungwa, na anaombwa kulipa. Makala moja inaweza kuuzwa dola 30 na zaidi. Kwa mwanafunzi ambaye bado anatafuta minerval, hizo ni makuta mengi sana. Basi anarudi kwenye fotokopi za zamani, na kazi yake ya mwisho, ile tunaita TFC, inajengwa juu ya habari za miaka 20 iliyopita.

Namna inavyofanya kazi

Kwenye nchi tajiri, chuo kikuu kinalipia majarida kila mwaka. Kompyuta zote za chuo zinapita kwenye mtandao mmoja wenye namba yake ya intaneti. Mwenye jarida anaijua ile namba. Ukiwa ndani ya chuo, mlango unafunguka wenyewe, huombwi kitu.

Hapa kwetu shida inaanzia hapo. Kama chuo kinanunua laini ndogo, namba inaweza kubadilika kila mara, ao inatumiwa na wateja wengine pia. Ndiyo maana njia nyingine ipo: jina na neno la siri ambavyo chuo kinapewa.

Njia hiyo inaitwa Research4Life. Ilianza mwaka 2002 na Hinari, mpango wa OMS kwa mambo ya afya. Mwaka 2003 FAO ikaleta AGORA kwa kilimo. Baadaye zikafuata OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia, na GOALI ya sheria mwaka 2018. Kongo iko katika kundi la nchi ambazo hazilipi. Vyuo vikuu, hospitali za kufundishia, ofisi za serikali na mashirika ya hapa yasiyotafuta faida vinaweza kuomba kuandikishwa.

Angalisho: anayeandikishwa ni chuo, si mtu mmoja mmoja. Neno la siri linabaki kwa mkubwa wa maktaba, naye anawapa walimu na wanafunzi wake. Kulitangaza kwenye WhatsApp ao kupakua jarida nzima kwa mara moja kunakatazwa. Mtu mmoja akifanya hivyo, chuo kizima kinaweza kufungiwa.

Laini ndogo, watu wengi

Hata ukiwa na neno la siri, unahitaji umeme na laini. Tufanye hesabu. Chuo kiko na laini ya megabiti 4 kwa sekunde. Makala ya megabaiti 2 inashuka kwa sekunde 4 hivi, kama uko peke yako. Wakiingia watu 100 pamoja, kila mmoja anangojea karibu dakika 7. Wengine wakifungua video, kazi inasimama kabisa.

Vyuo vinaweza kupunguza shida hii bila kununua laini kubwa. Kwanza, kuzuia video saa za masomo. Pili, kupakua usiku, wakati watu ni wachache. Tatu, kuweka kompyuta moja ya kutunza makala za bure pamoja na TFC za chuo chenyewe. Mwanafunzi anazisoma kwa Wi-Fi ya ndani, hata siku ambayo intaneti imekatika. Lakini lazima kuwe na umeme, na kama unatoka kwa jenereta, mazutu pia.

Na wewe usiye na neno la siri?

Kuna majarida ambayo yako wazi kwa kila mtu. PubMed Central, tangu mwaka 2000, inatunza makala za afya. African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998, inakusanya majarida ya Afrika, na mengi yanasomwa bure. Kwa Kifaransa, kuna HAL na Persée. Tena, unaweza kumwandikia mtafiti mwenyewe: anwani yake mara nyingi iko chini ya jina lake, na wengi wanatuma makala bila kuomba kitu.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa makuta, nenda maktaba na uulize maswali matatu. Chuo chetu kimeandikishwa? Neno la siri linatunzwa na nani? Na sisi wanafunzi tunalipata namna gani? Kama jibu la kwanza ni hapana, kamati ya wanafunzi inaweza kupeleka maombi kwa wakubwa wa chuo. Kuandikishwa hakuombi makuta. Kunaomba mtu wa kujaza fomu, na mtu wa kufuatilia.